Mizani ya Haki Ndiyo Mbolea ya Taifa

Kila mwaka, mavuno yakisha kuwa tayari, malori hupanda milima ya Njombe na Mbeya kutafuta viazi, na mengine hushuka mabondeni kutafuta vitunguu na mpunga. Mkulima aliyeamka alfajiri tangu mvua za kwanza husimama kando ya njia, magunia yake yamepangwa mbele yake. Kila gunia limejaa hata shingoni. Lakini mnunuzi hutikisa kichwa, ataka liongezwe. Basi gunia hufumiwa kamba juu, likavikwa kilemba, na viazi vikarundikwa hata likawa kama mtu aliyembeba mtu mwenzake mabegani. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo kila mkulima aijua. Nayo bei hulipwa ya gunia moja.

Wapenzi wasomaji, leo twataka kusema juu ya gunia hilo. Huenda wengine watashangaa kuona gazeti la dini likiandika habari za viazi na kamba. Watasema, mambo ya biashara waachiwe wafanya biashara, na mapadre washughulikie sala. Lakini Mwenyezi Mungu mwenyewe hakuona haya kusema habari za mizani. Torati ya Musa yamkataza mtu kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Kitabu cha Mithali chatufundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo mbele za Bwana. Naye nabii Amosi, ambaye hakuwa mtu wa ikulu bali mchungaji na mtunza mikuyu, aliwakemea wale walioona Sabato ni ndefu mno, wakingoja iishe wapate kupunguza kipimo, kuongeza bei na kuuza makapi pamoja na ngano. Ni zaidi ya miaka 2,700 tangu nabii huyo aseme. Hila zile zile zingaliko. Kilichobadilika ni gunia tu.

Kila mara twasikia kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Neno hilo limesemwa hata limekuwa kama salamu, ambayo mtu huitikia bila kufikiri. Yafaa tutulie kidogo tuone maana yake. Hapa Tanzania kilimo chaleta karibu robo ya pato lote la nchi, na zaidi ya nusu ya watu wenye kufanya kazi hupata riziki yao humo. Katika sensa ya mwaka 2022 tulihesabiwa watu zaidi ya milioni 61, na hao wote, pamoja na waziri na mwalimu na askari na dereva, hula kwa mkono wa mwenye jembe.

Kilimo hukuza uchumi wa nchi kwa njia nne. Kwanza, huleta chakula, na chakula kikiwa tele, mshahara wa mtu wa mjini humtosha kununua na vitu vingine. Pili, huvipa viwanda kazi: hapana kinu cha pamba pasipo pamba, wala kiwanda cha mafuta pasipo alizeti. Tatu, mazao yanayouzwa ng'ambo, kama kahawa, korosho, chai na tumbaku, hutuletea fedha za kigeni za kununulia dawa na mitambo. Ya nne husahauliwa na wengi, nayo ndiyo kubwa. Mkulima akipata fedha, yeye ndiye mnunuzi. Hununua bati, na mwenye kiwanda cha bati akafurahi. Huwashonea watoto nguo, na fundi cherehani akala. Hulipa seremala kwa ajili ya dirisha, na hununua baiskeli, mbolea, vitabu na sabuni. Fedha ya mkulima hailali. Huzunguka kijijini kama maji ya mfereji, kila shamba likanyweka.

Sasa na tuulize: maji hayo yakikatwa kule juu kwenye chanzo, nani atakayenyweka huku chini? Tuchukue mfano mmoja mwepesi. Tuseme mkulima ana magunia 20 ya viazi, na katika kila gunia amelazimishwa kuongeza kilo 25 juu ya zile 100 za sheria. Atakuwa ametoa kilo 500 bure, yaani magunia matano kamili. Amelima matano hayo, ameyapalilia, ameyanyunyizia dawa, ameyachimba na kuyabeba, asipate hata senti moja. Mfano huo si wa kutisha watu. Liko lumbesa lipitalo kipimo hicho. Magunia matano ni mbolea ya msimu ujao. Ni karo ya mtoto. Ni bati za nyumba. Vitu hivyo vyote havikununuliwa, na mwenye duka kijijini, na fundi, na seremala, wote wamepungukiwa bila kujua nani aliyewaibia.

Tena hasara haiishii hapo. Kijana wa nyumba ile amesimama pale kando ya njia akitazama. Ameona jasho la baba yake likirundikwa juu ya gunia na kuchukuliwa bure. Mwakani hataki tena kushika jembe; ataka nauli ya kwenda mjini. Nasi huko mjini twamlaumu, twasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Pengine si mvivu hata kidogo. Ameijua hesabu tu.

Hayo hatuyasemi kana kwamba hayana dawa. Historia ya nchi yetu yatuonyesha ya kwamba yanayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na manung'uniko hayo hayo. Walipeleka pamba yao kwa wanunuzi, na mizani iliwanyima haki yao. Hawakuchoma moto ghala la mtu. Walichagua watu wao wenyewe waliojua kusoma na kuhesabu, wakawasimamisha penye vituo vya kununulia pamba, wapime upya kila mzigo kabla ya kuuzwa. Kutoka katika wapimaji hao vikakua vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa marehemu Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Kilimo na halafu wa Fedha. Ushirika ule ukapata vinu vyake wenyewe vya kuchambulia pamba, na katika miaka iliyofuata mavuno ya pamba katika nchi ile yakaongezeka mara kadhaa. Shina la hayo yote lilikuwa nini? Lilikuwa ni mizani iliyosomwa mbele ya macho ya watu.

Kadhalika Kilimanjaro. Kahawa ilipandwa Kilema na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanza misioni yao huko mwaka 1890. Wachagga wakaipokea, wakaipanda kati ya migomba yao, na mwaka 1933 wakaanzisha chama chao kikuu, K.N.C.U., ili kahawa ya wakulima wadogo iuzwe pamoja na kwa bei iliyo wazi. Kwa kahawa hiyo wengi walijenga nyumba bora, na wengi walisomeshwa hata wakawa waganga, walimu na mapadre. Shamba dogo la mzee mmoja, likipimwa kwa haki, huzaa shule.

Wala jambo hilo si la Afrika peke yake. Denmark ni nchi ndogo ya baridi, isiyokuwa na dhahabu wala almasi. Mwaka 1882, wakulima wa Hjedding walijenga pamoja kiwanda cha maziwa. Kila mmoja alileta maziwa yake, mwenye ng'ombe wawili na mwenye ng'ombe ishirini, yakapimwa kwa mizani ile ile, na faida ikagawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta kila mtu. Mfano huo ukaenea upesi nchi nzima, na siagi yao ikasifiwa na kununuliwa sana Uingereza. Kwa njia hiyo taifa la wakulima likatajirika.

Lakini ukweli wote usemwe, hata ule unaotuumiza. Mwizi hakai upande wa mnunuzi peke yake. Vyama vyetu vya ushirika viliingiwa na nondo kutoka ndani. Makarani wengine walijifunza hila zile zile za wanunuzi wa zamani, na viongozi wengine wakazila fedha za wanachama. Manung'uniko yalizidi hata mwaka 1966 serikali ikaunda tume maalum kuvichunguza. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na wakulima wakabaki bila chombo chao wenyewe mpaka sheria mpya ya mwaka 1982 ilipoviruhusu tena. Twajifunza nini? Twajifunza ya kwamba jina zuri la ushirika haliwezi kumgeuza mwizi awe mwaminifu. Mizani hushikwa na mkono, na mkono huongozwa na moyo.

Ndiyo sababu Kanisa halikunyamaza. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake juu ya haki za wafanya kazi, Rerum Novarum. Humo alifundisha kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida tu, au kwa hofu ya baya zaidi, mapatano hayo hayana haki. Huyo ameonewa kwa nguvu. Wale wasemao kwamba mkulima alikubali mwenyewe na hakushikiwa bunduki, na walifikiri neno hilo. Mkulima ambaye viazi vyake vinaoza kesho, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akubali au akatae nini? Kukubali kwa mwenye njaa si kukubali.

Miaka 70 baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 15 Mei, Baba Mtakatifu Yohane XXIII alitoa barua yake Mater et Magistra. Yeye alizaliwa katika familia ya wakulima wa Sotto il Monte, Italia, waliolima shamba la mwenye ardhi na kugawana naye mavuno. Hakuhitaji kusoma kitabuni mambo ya mkulima maskini. Katika barua hiyo alieleza kwa nini watu huyakimbia mashamba. Akadai vijijini pawe na barabara, maji safi, shule na matibabu. Mkulima apate mikopo na bima. Na bei ya mazao ilindwe kwa haki. Pamoja na hayo aliwaambia wakulima wenyewe waungane, maana mmoja mmoja sauti yao haisikiki. Tena tarehe 15 Mei ndiyo siku ambayo sehemu nyingi humkumbuka Mtakatifu Isidori, mkulima wa Madrid, aliyelima shamba la mtu mwingine maisha yake yote na kutangazwa mtakatifu mwaka 1622. Kanisa limemweka mwenye jembe altareni. Sisi je, twamweka wapi?

Basi, yatupasa kila mmoja kujitazama, maana wanunuzi, wakulima, makarani na viongozi, wengi wetu hukutana Jumapili katika kanisa moja.

Ninyi mnaofanya biashara ya mazao, twajua mna shida zenu. Mwasema nauli na ushuru huhesabiwa kwa gunia, na asiyenunua lumbesa atashindwa na mwenzake anayenunua. Neno hilo lina uzito, na twawaomba wakuu wa halmashauri walisikie: ushuru ukitozwa kwa kilo, kilemba cha gunia kitakosa faida yake. Lakini wizi wa jirani haukuhalalishii wizi wako. Kama bei ya kilo ni kubwa kwenu, semeni wazi, mpatane juu ya bei. Msipatane juu ya bei na kisha mkaiba katika uzito. Vivyo hivyo debe lililopigwa hata likavimba tumbo, na fedha kidogo za kununulia mpunga ungali mbichi shambani kwa mtu mwenye njaa. Hayo yote ni mawe mawili katika mfuko mmoja.

Nanyi wakulima, msifurahi mapema. Mwenye kuloweka pamba ili iwe nzito, mwenye kuchanganya mchanga katika maharage, mwenye kuficha viazi vibovu katikati ya gunia, yeye naye amekwisha kuiharibu mizani, ingawa hana mizani. Tena wako miongoni mwenu waliao kwa sababu ya malipo yaliyocheleweshwa, hali vibarua waliowapalilia mashamba bado wanangoja ujira wao tangu Kwaresima. Mtakatifu Yakobo asema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiwa hulia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Hakusema kilio hicho huchagua kati ya tajiri mkubwa na tajiri mdogo. Msikae nyumbani siku ya mkutano wa ushirika, mkaja kulalamika baada ya uchaguzi. Chagueni mtu mwaminifu, hata kama si ndugu yenu.

Ninyi mlio na madaraka, tumeona juhudi zilizofanyika. Mwaka 2003 huko Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga sehemu moja ya kumi ya bajeti zao kwa kilimo. Hapa kwetu, fedha za Wizara ya Kilimo ziliongezwa kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hata bilioni 954 mwaka 2022/23. Twashukuru. Walakini, mtu akijaza maji katika mtungi uliotoboka, hatalaumu kisima. Serikali ikileta mbegu na mbolea ya ruzuku mlangoni, na lumbesa ikaichukua faida yake dirishani, tumemsaidia nani? Sheria ya kilo 100 iko, na Wakala wa Vipimo uko. Kinachotakiwa ni mizani iliyokaguliwa katika kila mahali pa kununulia mazao, na mkaguzi asiyenunulika.

Nanyi wazazi na walimu, angalieni maneno yenu. Mtoto akikosa, hupewa jembe kama adhabu. Akishindwa mtihani, huambiwa kwamba sasa atarudi kulima. Hivyo tumemfundisha tangu utotoni kwamba ardhi ni jela. Baadaye twamwambia kilimo ni uti wa mgongo! Mpeni mtoto kipande chake cha shamba, auze mavuno yake mwenyewe kwa kipimo cha haki, ashike fedha yake mkononi. Hapo atalipenda jembe bila hotuba.

Sasa twatoa shauri moja ambalo halihitaji kungoja Dar es Salaam wala Dodoma. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristu ziko karibu kila kijiji chenye Wakatoliki. Jumuiya, au kigango kizima, na ichange fedha inunue mizani moja, ikakaguliwe na Wakala wa Vipimo. Wachaguliwe watu wawili wanaoaminiwa, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao ni kusoma mizani kwa sauti mbele ya mwuzaji na mnunuzi. Wasiulize dini ya mtu, maana viazi vya Mwislamu na vya Mlutheri huibiwa kama vya Mkatoliki. Wakulima wa Usukuma walifanya hivyo kabla ya Uhuru, wakiwa na shule chache kuliko sisi. Sisi tutashindwaje?

Tena neno la mwisho kwa yule ambaye, akisoma hapa, moyo wake unamchoma. Kuungama peke yake hakutoshi mbele ya amri ya saba. Kanisa limefundisha siku zote kwamba mali ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe, na kama hapatikani, hupewa maskini. Zakayo hakumwambia Bwana kwamba anasikitika tu. Alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hapo ndipo Bwana aliposema wokovu umefika nyumbani mwake. Haukufika kabla ya hesabu.

Jumapili ijayo, padre atainua mkate na divai. Mkate ule ni ngano, na ngano ile ililimwa na mtu, ikapimwa na mtu, ikauzwa na mtu. Bwana wetu amekubali kujificha ndani ya mazao ya shamba. Na tumwombe basi asikute, katika kile tumletacho altareni, jasho la jirani ambalo hatukulilipia. Mizani yetu ikinyoka, mkulima atakaa shambani kwa furaha, kijana atarudi, vinu vitasaga, na taifa litanawiri. Ikipinda, hata mvua nyingi hazitatufaa.

Mwenyezi Mungu abariki mashamba yetu, na mikono yote inayoshika jembe, na ile inayoshika mizani.